Nishani ya Mfalme wa Uingereza: Maana Yake na Faida Yake
Maneno ya karani mmoja wa mgodi, aliyoyasema mbele ya wanachama wa Goma



Kamati imeniomba nieleze jambo lililoleta maneno mengi humu mjini. Ndugu yetu mmoja, mtoto wa hapa akaaye Uingereza, ametiwa katika orodha ya watu waliopewa nishani na Mfalme, kwa kazi yake ya kuwasaidia wakimbizi. Wengine wanataka tumfanyie sherehe. Wengine wanataka jina lake lifutwe katika daftari la chama, kwa kuwa, wasema, amevaa mnyororo wa wakoloni. Basi kabla ya kura, yafaa tujue kitu chenyewe ni nini.

Nishani hiyo ilianzishwa mwaka 1917 na Mfalme George wa Tano, katikati ya vita kuu vya kwanza. Jina lake ni Nishani ya Dola ya Uingereza. Dola yenyewe imekwisha kuondoka, lakini jina halikubadilishwa, na hapo ndipo roho za wengi zinapouma. Ina madaraja matano. Yule wa daraja la chini huandika herufi tatu nyuma ya jina lake, M.B.E., basi. Madaraja mawili ya juu ndiyo yenye kumfanya mtu aitwe Sir, tena si kwa mgeni: mtu asiye raia wa nchi za Mfalme hupewa nishani ya heshima tu, na jina lake hubaki kama alivyopewa na baba yake.

Na fedha? Hakuna. Mimi ninaandika daftari la mishahara kila mwezi, nami nawaambia kwamba nishani haina mstari wake humo. Iko faida moja ya kuchekesha: wenye nishani hiyo wana kanisa lao dogo chini ya kanisa kubwa la St Paul's, London, na watoto wao waweza kuombewa ndoa humo. Kwa mtu wa Birere, nauli yashinda harusi.

Lakini tusidanganyane. Faida ya kweli iko, nayo ni jina. Sisi makarani twajua: barua mbili zikifika mezani siku moja, ile yenye cheo husomwa kwanza. Mtu anayewasemea wakimbizi akisikilizwa upesi kwa sababu ya herufi tatu, hilo si jambo dogo.

Sasa tutazame hasara, kwa kuwa sisi Wakongo tulionja mambo ya namna hii kwa Wabelgiji. Mwaka 1948 walileta karte ya merite sivike, na mwaka 1952 wakaongeza imatrikulasyo, ili mtu mweusi aliyesoma ahesabiwe kuwa amestaarabika. Wazee waliopo watakumbuka. Waliingia nyumbani mwa mtu, wakatazama choo, wakatazama uma na visu, wakauliza kama mume na mke wanakula meza moja. Kufika mwaka 1958, katika nchi ya watu kama milioni 14, waliokuwa na karte walizidi kidogo 1,500, na wa imatrikulasyo walizidi kidogo 200. Na aliyeipata, mshahara wake haukufikia ule wa Mbelgiji wa kazi ile ile. Heshima ile ilikuwa mlango mwembamba uliowekwa ili wachache waingie, na walio nje waone haya kwa kuwa nje.

Hata huko kwa Waingereza cheo hakikumlinda mtu. Jirani zetu wa Uganda wanamjua Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Aliwatumikia Waingereza sana, nao wakamfanya Sir mwaka 1905. Walakini mwaka 1926 aligombana na ofisa wao juu ya vibali vya pombe. Vibali vya pombe, ndugu zangu! Akajiuzulu baada ya miaka zaidi ya thelathini katika kazi ile, na mwaka uliofuata akafa Nairobi.

Je, aliyepokea ni msaliti? Hapa ndipo ninapotengana na ndugu zangu wenye hasira. Shaaban Robert, karani wa forodha wa Tanganyika, aliandika Kiswahili ambacho sisi sote twakisoma. Alikuwa M.B.E. Ni nani atakayesema maneno yake yaliharibika kwa sababu hiyo?

Tena mkumbukeni Patrice Lumumba. Yeye naye alikuwa karani wa kampuni ya madini huko Kalima, Maniema, kisha karani wa posta Stanleyville. Imatrikulasyo aliomba, akakataliwa kwanza, akaipata mwaka 1954. Na tarehe 30 Juni 1960 alikuwa na utepe wa Nishani ya Taji ya Wabelgiji kifuani, na Mfalme Baudouin ameketi karibu. Akasimama, akasema habari za kazi ya kulazimishwa, za matusi na mapigo, wala utepe haukumziba kinywa. Mtu hufungwa kinywa na hofu yake mwenyewe. Naye Rabindranath Tagore wa Bara Hindi alipokea usir mwaka 1915; askari wa Waingereza walipoua watu Amritsar mwaka 1919, akaukataa kwa barua. Kumbe kitu hicho kinaweza kurudishwa.

Kuna nishani nyingine inayonisumbua zaidi. Mwezi Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika Nishani ya Taji mzee Albert Kunyuku, huko Kinshasa. Mzee huyo alikuwa na miaka 100. Aliitumikia Force Publique katika vita vilivyokwisha mwaka 1945. Hesabuni: miaka 77. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Katika safari hiyo hiyo Mfalme alisema ana majuto makubwa kwa yaliyotendeka, lakini msamaha hakuuomba. Simlaumu mzee hata kidogo. Alistahili, na alistahili zamani.

Basi shauri langu ni hili. Jina la ndugu yetu lisifutwe. Hakuupata utepe kwa kuwauza watu, aliupata kwa kuwalisha. Wala sherehe tusifanye, fedha za chama ni chache na paa la ofisi linavuja. Tumwandikie barua ya pongezi fupi, na ndani yake tumuulize: kwa kuwa sasa wakubwa wa London watafungua barua zako upesi, utawaambia nini juu ya madini ya Kivu yanayovuka mpaka bila karatasi, na juu ya wachimbaji wanaoyatoa chini ya ardhi? Barua nimekwisha kuipiga kwa mashine. Inangoja kura yenu na sahihi ya mwenyekiti.