VALI MBILI ZA MZAMIAJI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa karakana ya reli katika mkutano wa tawi)



Wengi wenu mnanijua kwa vali za breki za mabehewa. Leo breki tuziache. Nataka kuwaambia habari za vali mbili ndogo ambazo mtu huzivaa mwilini akashuka nazo chini ya maji. Nilizijua mwaka 2021, wakati wa likizo yangu, pale Mombasa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mzamiaji wa kazi za bandarini. Fundi wa mkandarasi wake aliugua, nami nikaitwa nishike nafasi yake kwa majuma matatu.

Nguo yenyewe huitwa nguo kavu. Imebanwa kwa mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono, maji yasiingie. Huko Norway na Uingereza huvaliwa kwa sababu ya baridi. Bahari yetu ni ya joto, lakini maji ya gatini yana mafuta na uchafu, na mtu wa kukaa humo saa nzima hapendi yamguse ngozi.

Sasa, ndani ya nguo mna hewa. Mtu akifika mita 10, kani ya kumkandamiza ni mara mbili ya hapa juu. Akifika mita 30 ni mara nne. Hewa hupungua ukubwa, na nguo humfinya mpaka ngozi ikaumia. Basi hubonyeza kitufe cha vali ya kifuani, nayo huingiza hewa ya mtungi kwa njia ya mpira. Akipanda mambo hugeuka. Lita 1 ya hewa ya mita 30 huwa lita 4 akifika juu. Hewa hiyo hutokea vali ya pili, iliyo kwenye mkono wa kushoto karibu na bega. Isipotoka, nguo huvimba kama puto na kumrusha mtu juu asiweze kujizuia.

Mwendo huo huua. Mapafu huweza kupasuka, au hewa iliyoyeyuka katika damu hutoka kwa mapovu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula. Sisi wa reli tuna jamaa zetu katika habari hii. Daraja la reli na barabara la St. Louis, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1874. Waliochimba misingi yake walifanya kazi chini ya mto, ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya nguvu, na zaidi ya watu kumi walikufa kwa ugonjwa huo baada ya kutoka.

Kazi ya fundi si ngumu. Yataka wakati tu. Nguo huoshwa kwa maji matamu kila siku, na kitufe hubonyezwa mara nyingi mpira wa hewa ukiwa umeunganishwa, ili maji ya chumvi yasisukumwe ndani. Muda wake ukifika, vali hufunguliwa. Chumvi iliyoganda hulainishwa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha sehemu zote husuuzwa. Pete za mpira hubadilishwa. Ile vali ya mkononi ina kipande chembamba cha mpira kinacholala juu ya kiti chake. Unywele mmoja au uzi wa nguo ya ndani ukikaa hapo, maji yataingia. Mimi huitia kinywani upande wa ndani nikafyonza: ikipitisha hewa, haijapona. Na grisi ya karakana isiletwe hapo hata kidogo, kwa maana huvimbisha mpira. Mwishowe nguo yote hujazwa hewa, ikapakwa maji ya sabuni, ukatazama mapovu.

Juma la pili, asubuhi, msimamizi aliniletea nguo sita na karatasi sita. Mashua ilikuwa inangoja. Nilisema kazi hii ni ya siku nzima. Akasema, "Zipulize tu kwa hewa, tia sahihi." Nilifungua nne. Mbili sikuzifungua. Nilitia sahihi zote sita.

Moja ya zile mbili aliivaa shemeji yangu. Akiwa mita 15 alibonyeza kitufe, nacho hakikurudi. Hewa ikawa inaingia tu. Alikuwa amekwisha kunyanyuka chini alipouchomoa mpira kifuani na kuinua mkono wa kushoto, kama alivyofundishwa, hewa ikatoka. Alipopanda mashuani hakunigombeza. Aliniuliza, "Shemeji, hii uliifungua?" Nikamwambia, "La."

Niliifungua jioni ile mbele yake. Chumvi nyeupe ilikuwa imeshika kijiti cha kitufe pande zote, na pete yake ilikuwa kavu, ina ufa. Kazi ya kuisafisha na kutia pete mpya ilinichukua dakika 40. Dada yangu hajaambiwa mpaka leo, nami namwomba mhariri asiandike jina langu.

Msimamizi alikosa, lakini hakunishika mkono nilipokuwa naandika. Hiyo kalamu ilikuwa yangu. Ndiyo maana naleta ombi katika tawi hili, na halihusu wazamiaji peke yao. Karatasi zetu za ukaguzi zina mahali pa kuandika "sawa" tu. Naomba kamati ipeleke neno kwa wakubwa kwamba pawe na mstari wa pili, "haikufunguliwa", na fundi akiuandika asihesabiwe kuwa mkaidi, wala chombo kile kisitumike siku hiyo. Wajumbe walio na nafasi ya kusema na wenzetu wa bandari wawaambie vilevile.

Ile vali ya kifuani nimeileta, iko mezani kwa Katibu pamoja na pete yenye ufa. Njoni muitazame mmoja mmoja, na mwenye grisi mikononi anawe kwanza.