Ferguson-Florissant: Mipaka ya Shule na Nguvu ya Kura

Ferguson-Florissant ni wilaya ya shule za umma katika vitongoji vya kaskazini mwa mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Nchini humo, shule za umma haziendeshwi na wizara ya taifa. Kwa kawaida wilaya ya shule ni mithili ya serikali ndogo: ina mipaka yake, bodi inayochaguliwa na wakazi, na mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Ndiyo maana mstari mmoja kwenye ramani huweza kuamua maisha ya mtoto. Upande wenye viwanda na nyumba za thamani hupata fedha tele za shule. Upande wa maskini hupata kiduchu, hata wakazi wake wajikamue kwa kodi nzito.

Mwaka 1876 mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti iliyouzunguka. Katika kaunti hiyo viliibuka vimiji kwa makumi, kila kimoja na sheria zake, na juu yake wilaya za shule zenye mipaka mingine kabisa. Mwaka 1902 eneo moja la shule liligawanywa sehemu mbili: Berkeley ikawa ya weupe, na Kinloch ikawa ya Wamarekani Weusi. Mwaka 1937 Berkeley ikajifanya mji kamili ili shule zake zisije zikaunganishwa na za Kinloch. Katiba ya Missouri nayo iliagiza watoto weusi na weupe wasome mbalimbali. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku utengano huo mwaka 1954, lakini kifungu hicho cha Missouri hakikufutwa hadi 1976.

Jirani wa tatu alikuwa Ferguson, mji ambao mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana ndani yake baada ya jua kutua. Barabara kuu ya kutoka Kinloch ilizibwa kwa mnyororo na vifaa vya ujenzi. Njia ya pili iliachwa wazi, lakini mchana tu, ili mayaya na watumishi wa nyumbani kutoka Kinloch wafike kazini. Mama aliyevuka asubuhi kwenda kumlea mtoto wa Ferguson alirudi jioni kwa mtoto wake mwenyewe, aliyesoma katika shule duni upande wa pili wa mnyororo.

Mwaka 1971 serikali ya shirikisho iliishitaki Missouri pamoja na wilaya hizo. Mahakama iliona kwamba Kinloch haikuwa fukara kwa bahati mbaya: mipaka yake ilichorwa kwa misingi ya rangi, na jimbo lilijua. Mwaka 1975 ikaamuru Kinloch na Berkeley ziunganishwe na Ferguson-Florissant, na mahakama ya rufaa ikaafiki mwaka huohuo. Watoto waliokuwa wametenganishwa kwa miaka zaidi ya 70 wakawa chini ya bodi moja. Lakini Kinloch ilipoteza shule yake ya sekondari. Kuanzia miaka ya 1980, uwanja wa ndege wa Lambert ulinunua nyumba zake mtaa baada ya mtaa. Sensa ya 2010 ilikuta watu 298 tu.

Wakati huo Ferguson yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1970 weusi walikuwa kama mmoja katika kila wakazi 100. Mwaka 2010 walikuwa 67. Familia nyingi za weupe zilihamia mbali zaidi. Madarasa yalibadilika, bodi haikubadilika: mwishoni mwa 2014, wanafunzi wanane kati ya kumi walikuwa weusi, ilhali kati ya wajumbe saba wa bodi mweusi alikuwa mmoja.

Agosti 9, 2014, polisi wa Ferguson alimuua kwa risasi kijana Michael Brown, mwenye umri wa miaka 18, aliyekuwa ametoka kumaliza sekondari katika wilaya jirani ya Normandy. Maandamano yaliyofuata yaliwafanya watu waulize nani anatawala vitongoji hivyo. Desemba mwaka huo, tawi la Missouri la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, lilifungua kesi kuhusu uchaguzi wa bodi.

Kisa kilikuwa hiki: wajumbe walichaguliwa na wilaya nzima kwa pamoja, si kwa kata. Kama viti viwili viligombewa, kundi lenye kura nyingi liliweza kuvitwaa vyote viwili. Mwaka 2016 mahakama ilitamka kwamba utaratibu huo ulikiuka Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, ikaagiza upigaji kura wa kulimbikiza. Katika mfumo huo, viti vikiwa viwili, mpiga kura ana kura mbili na anaweza kumpa mgombea mmoja zote mbili. Kundi dogo likishikamana linaweza kupata walau kiti kimoja.

Wilaya ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 2018. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza. Uchaguzi wa kwanza kwa utaratibu mpya ulifanyika Aprili 2019, miaka 117 tangu Kinloch na Berkeley zitenganishwe.