Sauti ya Wakili na Hukumu ya Jaji



Tumeulizwa mara nyingi: mawakili hupaza sauti mahakamani na bado kesi zikashindwa, je, sauti hizo zina faida gani?

Kwanza tutaje mpaka wetu. Wakili hatoi hukumu. Mwamba ngoma huvutia kwake, nasi twavuta upande wa waliotutuma. Kukata shauri ni kazi ya jaji. Lakini jaji akishaulizwa swali waziwazi, hana budi kulijibu na kutoa sababu zake hadharani. Sababu hizo nazo hupimwa na wananchi.

Tukumbuke mwaka wa 1989. Mwaka uliotangulia, Bunge lilikuwa limewaondolea majaji kinga iliyozuia wasifutwe kazi ovyo, kinga ambayo haikurudishwa hadi 1990. Katika hali hiyo, mawakili walikwenda Mahakama Kuu wakitegemea kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani, kilichomruhusu mtu kulalamika haki zake zinapovunjwa. Wakajibiwa kwamba kifungu hicho hakitumiki, kwa kuwa Jaji Mkuu hajatunga kanuni za kukiendesha. Mwaka uo huo, Profesa Wangari Maathai alipopinga kujengwa kwa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, kesi yake ilitupwa kwa sababu hakuonyesha jinsi alivyodhurika yeye binafsi.

Mlango ulifungwa mara mbili. Hata hivyo, maswali yalikwisha kuandikwa katika kumbukumbu za mahakama, na majibu yake yaliwafunulia watu kasoro ya sheria yenyewe.

Someni sasa Katiba ya 2010. Kwa kifungu cha 22, kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kufungua shauri la haki zake na kusikilizwa, wala hatozwi ada ya kulifungua. Kwa kifungu cha 70, anayetetea mazingira halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyedhurika. Hoja zilizokataliwa 1989 zimekuwa sheria ya nchi.

Basi msipime sauti ya wakili kwa hukumu ya siku moja. Yule mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, hakuchoka kumwendea kadhi dhalimu. Nanyi njooni mahakamani mketi msikilize. Ombeni nakala za hukumu, mzisome na kuzijadili katika vikundi vyenu. Hukumu isiyosomwa na watu haina wa kuisahihisha.