Harry Umempa Ngapi?

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya bei ya sukari. Naomba radhi. Nimezuiwa na kimashine kinachoenea kiganjani.

Kinaitwa Game Boy Color, kazi ya Wajapani wa Nintendo, na kilianza kuuzwa mwaka 1998. Kinatumia betri mbili ndogo, na kioo chake hakina mwanga wake. Ukitaka kucheza usiku, sogea chini ya taa. Mtoto wa mdogo wangu amekuja nacho likizo kwangu. Ndani yake mna mchezo wa tenisi, Mario Tennis, uliotengenezwa na kampuni ya Camelot na kutolewa Japani mwaka 2000. "Baba mkubwa, jaribu," akaniambia.

Nilidhani ni kupiga mpira huku na huko tu. Kumbe ni shule! Kijana aitwaye Alex anaingia chuo cha tenisi, anapangwa chumba kimoja na Harry, na huyo Harry ndiye mwenzake katika mechi za wawili wawili. Ukishinda unapata alama za uzoefu. Zikitimia, mchezaji hupanda ngazi, akaongezewa nguvu, mbio, shabaha, au ufundi wa kuuzungusha mpira. Lakini alama hizo zina wenyewe wawili, na mgawaji ni wewe: Alex apate ngapi, Harry ngapi.

Mimi nilimpa Alex zote. Wala sikujiuliza. Alex wangu akawa moto wa kuotea mbali, akawabwaga wenzake chuoni mmoja baada ya mwingine. Ikaja zamu ya wawili wawili. Mpira ukienda upande wa Harry, hafiki. Akifika, anaurudisha goigoi, tunachapwa. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikafoka, "Huyu Harry mzembe kabisa!"

Mtoto akaniuliza taratibu, "Baba mkubwa, Harry umempa ngapi?"

Ndugu msikilizaji, nyumbani kwetu tulizaliwa wawili. Ada ilitosha mmoja, nikaenda mimi. Mdogo wangu akabaki na jembe la baba. Nilipokuwa bwenini aliniandikia barua, nami, naona haya kulisema redioni, nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu nikamrudishia. Baadaye akaacha kuandika, nikasema ni mvivu.

Mtoto aliyeniuliza swali lile ni mwanawe.

Tumeuanza mchezo upya. Kugawa alama nimemwachia yeye. Alex anapanda polepole kuliko zamani, na mechi nyingine tunafungwa, lakini juzi Harry aliufuata mpira mpaka pembeni kabisa akaurudisha, nikajikuta nimesimama napiga makofi sebuleni peke yangu kama mwehu. Betri tumekwisha kununua mara mbili.

Jumamosi baba yake anakuja kumchukua. Nimemwomba alale kwetu.

Sukari, juma lijalo.