Maji ya Tumboni Yakichafuka

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya mgonjwa asiyetajwa sana redioni: mtoto au mtu mzima ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi, na sasa anasafishwa damu kupitia tumboni. Tutaangalia viini vinavyoingia katika tumbo hilo, na jinsi dawa tunazonunua ovyo zinavyovifanya kuwa sugu. Hata kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa wa aina hiyo, usizime redio. Yako mambo hapa yanayokuhusu.

Wengi wenu mnaijua mashine ya kusafisha damu, ile ambayo mgonjwa huenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki, akachomwa sindano mbili kubwa mkononi na kukaa hapo saa kadhaa. Lakini iko njia nyingine. Daktari huweka mpira mwembamba na laini ndani ya tumbo, na ncha yake hutokea nje karibu na kitovu. Mpira wa namna hiyo ulibuniwa na daktari Henry Tenckhoff huko Marekani mwaka 1968, na hadi leo wauguzi wa figo huutaja kwa jina lake. Kupitia mpira huo hutiwa maji maalum yenye sukari na chumvi. Ndani ya tumbo uko utando mwembamba ambao Mungu aliuweka kufunika utumbo. Utando huo hugeuka kichujio: uchafu wa damu hupita na kuingia katika yale maji, na baada ya muda wa saa 4 hadi 6 maji hutolewa na mengine hutiwa. Mtu mzima mara nyingi hutiwa lita 2 kila mara, mara 4 kwa siku. Mtoto hutiwa kiasi kinacholingana na mwili wake.

Njia hii inawafaa sana watoto wadogo, kwa sababu mishipa yao ya damu ni myembamba na mashine huwasumbua. Inawafaa pia wanaoishi mbali na hospitali yenye mashine. Mama akifundishwa vizuri, hufanya kazi hiyo yote nyumbani kwake.

Lakini hebu fikiri, mama. Ule mpira ni mlango. Ukibadilisha maji mara 4 kwa siku, kwa mwaka mmoja umeufungua na kuufunga mlango huo mara 1,460. Ikitokea mara moja tu ukaufungua kwa mikono isiyo safi, viini huingia. Viko viini vinavyoishi kwenye ngozi yetu na puani bila kutudhuru, lakini vikifika tumboni huleta balaa. Viko vingine vinavyotoka katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe, hasa akifunga choo. Na viko vinavyopenda mahali penye unyevunyevu. Vikiingia, ule utando huvimba, na tumbo huuma.

Utajuaje? Dalili ya kwanza mara nyingi iko katika mfuko wa maji yaliyotoka. Maji mazuri huwa maangavu, yenye rangi ya mkojo mwepesi. Uweke mfuko juu ya gazeti. Ukiweza kusoma maandishi kupitia maji, ni vizuri. Maji yakiwa na ukungu, kama yale uliyooshea mchele, hiyo ni dalili ya ugonjwa hata kama mtoto anacheza. Dalili nyingine ni tumbo kuuma, homa, kutapika, na kwa mtoto mdogo kukataa kula au kulegea. Usingoje dalili zote zikusanyike. Maji yenye ukungu peke yake yanatosha kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo, awe ni usiku, iwe ni Jumapili.

Na uende na mfuko wenyewe. Usiumwage! Ule mfuko ndio ushahidi. Katika maabara watahesabu chembe nyeupe za damu zilizomo, na watajaribu kuviotesha vile viini ili wavijue kwa majina na wajue ni dawa gani inayoviua.

Sasa nifike pale panaponiumiza moyo. Akina mama wengi maji yakichafuka hukimbilia duka la dawa. Mnunuzi anasema, "Nipe vidonge vya tumbo," naye muuzaji anampa rangi mbili za amoksilini, au vile vya siprofloksasini, vinne au sita, kulingana na pesa aliyo nayo. Hakuna karatasi ya daktari wala swali lolote. Sheria yetu hapa Kenya inataka dawa hizi ziuzwe kwa maagizo ya daktari, lakini sote tunajua yanayotendeka.

Ubaya wa vidonge hivyo ni wa namna nyingi. Kwanza, dawa ya ugonjwa huu kwa kawaida haimezwi. Hutiwa ndani ya ule mfuko wa maji, ikaingia tumboni moja kwa moja na kukutana na viini pale vilipo. Pili, mgonjwa ambaye figo zake hazifanyi kazi hawezi kuitoa dawa mwilini kama wewe. Kipimo kinachokufaa wewe chaweza kumdhuru yeye. Ziko dawa za kawaida, kwa mfano Septrin, ambazo zinaweza kupandisha madini ya potasiamu katika damu yake hadi moyo ukapiga vibaya. Tatu, na hili wengi hawalijui, vile vidonge vichache huvificha viini bila kuvimaliza. Ukifika hospitali baada ya siku tatu, maabara huotesha na haioni kitu. Daktari anabaki kutibu kwa kukisia.

Nilimtembelea mama mmoja, mkulima, aliyekuwa na msichana wa miaka tisa. Alikuwa amejifunza kubadilisha maji vizuri kabisa, na mtoto alikuwa anaenda shule. Jumamosi moja maji yakatoka na ukungu. Nauli ya kwenda mjini hakuwa nayo, basi akanunua vidonge kwa shilingi hamsini. Jumatatu maji yakaanza kuangaza, naye akashukuru. Baada ya siku kumi ukungu ukarudi, akanunua tena. Mara ya tatu mtoto alikuwa na homa kali hata hawezi kusimama. Hospitali ikampa dawa za kawaida, siku zikapita, maji bado machafu. Majibu ya maabara yalipokuja, vile viini vilikuwa sugu kwa dawa tatu walizozijaribu. Ikabidi mpira utolewe ili kuokoa maisha ya mtoto. Aliishi, tunashukuru. Lakini utando wake uliota makovu na haukuweza kuchuja tena. Sasa mama na mtoto huamka saa kumi za usiku kuwahi matatu ya kwenda kwenye mashine, na darasani kiti chake kiko wazi siku nyingi kuliko zile ambazo mtoto huyo yupo.

Simlaumu mama yule. Nauli ni nauli. Nawaambia ili mjue kwamba bei ya vile vidonge haikuwa shilingi hamsini.

Usugu huja vipi? Chukua mfano wa shamba lenye magugu. Ukipalilia nusu ukaacha, yatakayobaki ni yale yenye mizizi mirefu, na mbegu zake ndizo zitakazojaza shamba. Bakteria nao ni hivyo. Dawa kidogo huua wale dhaifu, wale wenye nguvu hubaki. Na wanazaana upesi mno: bakteria wa tumbo aitwaye Escherichia coli akipata mahali pazuri hugawanyika na kuwa wawili kwa dakika 20 hivi. Zaidi ya hayo, wanaweza kupeana ule uwezo wa kushinda dawa, bakteria wa aina moja akampa wa aina nyingine. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Hatukumsikia. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Kwa mgonjwa wetu mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa bakteria hujishikiza kwenye ule mpira na kujifunika kwa utelezi kama ule unaouona ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Dawa haipenyi vizuri katika utelezi huo. Ndiyo maana, ikiwa maji hayajaangaza baada ya siku 5 za dawa inayofaa, madaktari mara nyingi huamua kuutoa mpira. Mama asione kwamba anaadhibiwa. Mpira ukitolewa mapema utando waweza kupona, na pengine mpira mwingine ukawekwa baadaye.

Tiba kwa kawaida huchukua wiki 2, na kwa bakteria wengine wiki 3. Maji yakiangaza siku ya tatu, usiache. Zimalize siku zote ulizopangiwa.

Na kuzuia je? Hapa mimi siku zote huanza na mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, si ya beseni ambalo kila mtu ameingiza mkono. Kama huna bomba, jerikeni lenye mfereji mdogo latosha. Sugua sekunde 40 hadi 60, kati ya vidole na chini ya kucha. Kisha ukaushe kabisa kwa kitambaa safi kisichotumiwa kwa kazi nyingine, maana mkono uliolowa hubeba viini kwa urahisi. Funga mlango na dirisha, mtoe paka nje, wewe na mgonjwa mfunike mdomo na pua kwa barakoa. Usipashe mfuko moto kwa kuutumbukiza katika sufuria ya maji. Ncha ya mpira ikigusa nguo, kitanda au kidole, usiiunganishe. Funga kibanio, piga simu kwa wauguzi wa figo, nao watakuambia la kufanya. Mahali mpira unapotokea pasiwekwe majivu, samli wala majani. Paoshwe jinsi ulivyofundishwa, pakapakwe ile dawa tu uliyopewa kliniki. Ukiona wekundu au usaha hapo, hiyo pia ni safari ya hospitali.

Nilisema jambo hili linawahusu hata wasio na mgonjwa. Mtoto mzima wa nyumba hiyo, au wa jirani, akipewa antibiotiki kwa sababu ya mafua, dawa haimsaidii, kwani mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Lakini bakteria wa utumboni mwake hujifunza kuizoea, na hao husafiri kwa mikono, kwa vyombo, kwa choo cha pamoja, hadi kwa yule mwenye mpira tumboni. Basi hata kama aliye na kikohozi ni mwingine, waulize wauguzi kabla ya kununua.

Mama mmoja aliniuliza: na mgonjwa akiumwa jino au kidonda, asipewe antibiotiki kabisa? Atapewa, ila na daktari anayejua kwamba ana mpira. Mwambie hivyo kabla hajaandika dawa. Mkumbushe pia kwamba baada ya antibiotiki, ukungu wa aina ya fangasi huweza kuota tumboni, na huo karibu kila mara humaanisha mpira utolewe. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kuzuia fangasi kwa siku hizo.

Leo jioni chukua daftari, uandike namba ya simu ya kliniki ya figo kwenye ukurasa wa kwanza. Chini yake andika majina ya dawa zote alizowahi kupewa mgonjwa wako na tarehe zake. Nyuma ya daftari weka nauli ya kwenda, hata ukiipata shilingi ishirini ishirini kutoka kwenye mboga, na isiguswe kwa jambo lingine. Kwaherini.