Kelele haigongi muhuri mpakani

Msikilizaji, neno bodaboda lilizaliwa huku huku mpakani, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli ile ilisikika kwa kengele tu. Leo hapa Busia, mji wa mpakani, ni honi za malori, pikipiki, spika za maduka na mahubiri ya vipaza sauti.

Sheria zipo pande zote mbili: Uganda ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, Kenya ikafuata 2009. Lakini kelele haigongi muhuri mpakani; spika ya upande huu humnyima usingizi mgonjwa wa upande ule.

Hata hivyo kimya hakijahama. Kipo alfajiri, kabla ya injini ya kwanza. Kipo Tororo, upande wa Uganda, juu ya ule mwamba mkubwa, ambako mji mzima husikika kama mvumo wa nyuki. Kipo pia umeme unapokatika, ndipo tunapogundua kuwa jirani anakohoa.

Tusingoje umeme ukatike. Mwenye spika, usiku ukiingia punguza sauti. Nawe msikilizaji, nikimaliza, izime redio hii dakika 5 tu.