Upasuaji wa Retina: Mambo Yampasayo Mgonjwa Kuyajua

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Kamati ilinitaka nizungumze jambo litakalowafaa wenzangu. Ningeweza kuzungumzia utumishi wa serikali, ambao ndio niliousomea Chuo Kikuu na ndio unaonipa ugali. Lakini nikitazama ukumbi huu naona mvi na vipara, na naona miwani mingi kuliko tulipokuwa kidato cha pili. Kwa hiyo nimechagua kuzungumzia macho, na hasa upasuaji wa retina. Mimi si daktari. Nazungumza kama mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji huo mwaka 2021, akauliza maswali mengi, na akayafuatilia majibu yake kwa bidii tuliyofundishwa hapa hapa.

Kwanza, retina ni nini? Ndani ya jicho, upande wa nyuma, upo utando mwembamba usiofikia hata nusu milimita. Huo ndio retina. Wale waliokuwa chama cha picha cha shule watakumbuka filamu ndani ya kamera: hata lenzi iwe safi namna gani, filamu ikiharibika hakuna picha. Ndiyo maana miwani mipya haiwezi kutibu retina. Na ndiyo maana upasuaji wake si sawa na ule wa mtoto wa jicho. Katika mtoto wa jicho daktari huondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine. Retina haina ya kubadilisha. Ni ile ile uliyozaliwa nayo, na kazi ya daktari ni kuiokoa iliyopo.

Jicho limejaa ute mzito, mfano wa ute wa yai. Kadiri umri unavyosonga, ute huo husinyaa na kujivuta kutoka kwenye retina. Kwa watu wengi huachana nayo kwa amani. Kwa wengine huichana. Hapo maji hupenya kwenye mchaniko na kuibandua retina, kama vile maji ya mvua yanavyopenya kwenye ufa na kubandua lipu ya ukuta. Walio katika hatari zaidi ni watu wasioona mbali kwa kiwango kikubwa, yaani wenzangu na mimi tuliovaa miwani minene tangu utoto. Waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Waliopata kupigwa jichoni. Na wale ambao ndugu zao wa damu waliugua hivyo.

Dalili ni tatu, nami naomba mzishike kama tulivyoshika kanuni za hesabu. Ya kwanza ni mimweko ya mwanga pembeni mwa jicho, hata gizani. Ya pili ni vidoa vyeusi vinavyoelea mbele ya macho, vikitokea ghafla na kwa wingi kama masizi. Ya tatu ni kivuli kama pazia, kinachoanzia pembeni na kusogea katikati. Ndugu zangu, katika yote hayo hakuna maumivu hata kidogo, na hapo ndipo penye hatari. Jino likiuma, mtu huamka usiku wa manane kutafuta dawa. Retina hubanduka kimya kimya, na mwenyewe husema, "Nitakwenda mwisho wa mwezi."

Mimi dalili zilinikuta Dodoma, nikisoma jalada ofisini. Masizi yaliingia jicho la kushoto mchana, na jioni nikaona mimweko. Kituo cha kwanza nilichokwenda, ambacho sitakitaja, niliambiwa ni uchovu wa kompyuta, nikapewa matone. Kesho yake kivuli kilitokea chini, upande wa pua. Nikatafuta daktari bingwa wa macho. Yeye alinitia dawa ya kupanua mboni, akasubiri, kisha akatazama nyuma ya jicho kwa taa yake. Akaniambia retina imebanduka upande wa juu, ila sehemu yake ya kati, iitwayo makula, bado imeshikamana. Siku ya pili yake nilikuwa juu ya kitanda cha upasuaji Dar es Salaam.

Neno la kuondoka nalo hapa ni hili: ukiwa na dalili hizo, omba mboni yako ipanuliwe. Bila kuipanua ni vigumu mno kuziona pembezoni za retina. Mwanga utakuumiza kwa saa kadhaa na usiendeshe gari, lakini hilo ni jambo dogo. Makula ndiyo tunayosomea na kutambulia sura za watu. Ikiwa bado imeshika, upasuaji hutakiwa ndani ya siku moja au mbili. Ikikwisha kubanduka, bado inafaa kuharakisha, ila uwezo wa kuona aghalabu haurudi wote. Na mchaniko ukigunduliwa kabla retina haijabanduka, daktari huuzunguka kwa mwali wa leza kwa dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, retina ikibanduka jicho lilihesabiwa kuwa limepotea. Daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo ni tundu, na kwamba tundu lisipozibwa hakuna tiba. Mwaka 1970, Robert Machemer, akiwa Miami, Marekani, alianzisha njia ya kuutoa ute kwa vyombo vyembamba vinavyoingizwa jichoni. Njia hiyo huitwa vitrektomi. Ute ukitoka, retina hurudishwa mahali pake, tundu huzibwa kwa leza au kwa baridi kali, kisha jicho hujazwa gesi au mafuta ya silikoni ili kuishikilia. Njia nyingine ni kuzungushia jicho mkanda wa silikoni kwa nje, ukuta wa jicho usogee ndani na kuikuta retina. Daktari huchagua kulingana na jicho lenyewe.

Sasa nafika kwenye lile ambalo wengi hawaambiwi mapema: mgonjwa naye ana kazi yake. Gesi hupanda juu daima, kwa hiyo kichwa hakina budi kuwekwa namna ambayo povu litaegemea pale palipochanika. Mimi niliamriwa kulalia ubavu wa kulia. Wengine huamriwa kukaa wameinamisha uso mchana na usiku kwa siku kadhaa. Hili linachosha shingo na linachosha moyo. Atakayekusomea gazeti na kukukumbusha unapojisahau usingizini ni sehemu ya tiba.

Tena, mwenye gesi jichoni asipande ndege kamwe, wala asipande milima. Hewa ikipungua uzito wake, gesi hutanuka, presha ya jicho hupanda, na jicho laweza kupofuka njiani. Gesi yangu ilikaa majuma saba. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Iringa na Mbeya ziko juu zaidi. Basi lingetosha kuniletea madhara. Nikabaki Dar es Salaam kwa dada yangu, nikilitazama povu likipungua kama maji ndani ya chupa. Kadhalika, ukihitaji upasuaji mwingine wowote wakati huo, mwambie mtia usingizi kwamba una gesi jichoni, maana dawa ya usingizi ya naitrasi oksaidi hulipanua povu. Mafuta ya silikoni hayana marufuku ya ndege, ila aghalabu hutakiwa kutolewa baada ya miezi kadhaa, yaani upasuaji wa pili.

Tutarajie nini? Katika hospitali zilizozoea kazi hii, takriban wagonjwa wanane au tisa kati ya kumi retina zao hushika kwa upasuaji wa kwanza. Waliobaki hurudiwa, mara nyingi kwa sababu ya makovu yanayoivuta. Kuona hurudi polepole, kwa miezi. Baada ya vitrektomi, mtoto wa jicho ni jambo la kawaida. Wangu uliondolewa mwaka 2023. Lakini jicho likiuma, likiwa jekundu na kuona kukapungua ghafla baada ya upasuaji, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kushika kwa retina si lazima kuwe kuona. Baba yangu mdogo alikuwa na kisukari kwa miaka mingi na hakuwahi kupimwa nyuma ya jicho, kwa kuwa alikuwa akiona vizuri. Damu ilipomwagika ndani ya jicho na makovu kuivuta retina, upasuaji ulifanyika, na daktari akaifanya kazi yake barabara. Retina ilirudi mahali pake. Hata hivyo, hadi leo jicho hilo linatofautisha mchana na usiku tu. Wenzangu wenye kisukari, pimeni retina kila mwaka hata kama mnasoma herufi ndogo za gazeti. Kwenye kisukari, leza na sindano za jichoni zikitumiwa mapema huokoa kile ambacho kisu hakiwezi kukirudisha.

Kabla hujatia saini fomu ya upasuaji, uliza haya: Makula yangu imeshika au imebanduka? Utatumia gesi au mafuta? Nilale vipi, na kwa siku ngapi? Nisafiri lini? Jicho la pili likoje? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa ipi? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Andika majibu, kwa sababu siku hiyo kichwa hakishiki.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa pendekezo. Mkutano wetu wa mwakani, pamoja na mechi ya mpira na chakula cha pamoja, uwe na wataalamu wa macho kwa nusu siku, watupanue mboni sisi, walimu wetu wastaafu, na wanafunzi wavaao miwani minene. Mimi niko tayari kuandika barua za maombi. Hiyo ndiyo kazi niliyoizoea.